Mafuta na maji ya akiba kwenye gari la porini: namna ya kuyabeba Nyanda za Juu Kusini

Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Nililigundua jioni, tumeiacha Makongolosi kitambo na tunaelekea Rungwa, vumbi limetanda, nimepanda kwenye keria nishushe dumu la maji tuanze kupika. Likaja juu jepesi kama ungo. Kichwa cha bolti kwenye sakafu ya keria kilikuwa kimelisugua mchana kutwa katika barabara yenye mawimbi kama bati, mpaka kikalitoboa. Lita 20 zilikuwa zimeishia kwenye magodoro na barabarani. Tulikuwa watu wanne, tumebaki na chupa mbili na nusu. Dereva wa lori aliyekuwa akitoka upande wa pili alisimama, akatumiminia karibu lita 10 kutoka dumu lake, akakataa hata senti.

Tangu siku hiyo kubeba akiba si jambo ninalolifanya dakika ya mwisho. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayetoka Mbeya, Iringa, Njombe au Makambako kwenda sehemu ambazo sheli ziko mbali: Ruaha, Usangu, bonde la Rukwa, Kitulo na Makete, au ile njia ndefu ya Chunya kwenda Itigi. Fuata hatua kwa mpangilio huu, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujanunua dumu

Wengi huanza na vishikio. Fundi anachomelea vikapu viwili nyuma ya gari, vinapakwa rangi nyeusi, gari linapendeza, ndipo mwenye gari anajiuliza aweke nini humo. Na kwa kuwa nafasi ipo, anaijaza. Anza na karatasi na kalamu.

Jaza tenki mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita. Tembea safari ya kawaida, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka ikatike. Lita ulizojaza zigawe kwa kilomita ulizotembea, kisha zidisha kwa 100. Hapo una idadi ya lita ambazo gari lako linakula kwa kila kilomita 100. Fanya hivyo mara mbili: mara moja kwenye lami, mara moja kwenye vumbi na milima, ukiwa umepakia mzigo kama wa safari. Land Cruiser yangu kuukuu ya dizeli hula lita 13 kwenye barabara nzuri na 16 kwenye njia za porini. Kwenye tope, kwa gia nzito, inafika 20 na kuzidi. Usichukue hesabu yangu, pima la kwako.

Sasa chukua safari ya Ruaha kama mfano. Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni karibu kilomita 130, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 260. Ukizunguka ndani ya hifadhi siku tatu, kilomita 100 kwa siku, unaongeza 300. Kilomita 260 kwa lita 13 ni lita 34. Kilomita 300 kwa lita 16 ni lita 48. Jumla 82. Mimi huongeza robo ya akiba kwa ajili ya kupotea njia, tope na kuzunguka mto uliojaa, kwa hiyo nafika kama lita 102. Tenki langu ni la lita 90, na lita 5 za chini sizihesabu kwa sababu huko ndiko takataka na maji hutulia. Nimepungukiwa lita 17. Dumu moja la lita 20 linatosha. Dumu moja! Nimeona magari ya safari hiyohiyo yakiwa na manne juu ya paa, na kwenye kona yanayumba kama mtu aliyejitwika gunia.

Wakati mwingine hesabu itakuambia usibebe kabisa. Makongolosi hadi Mkiwa kwa njia ya Rungwa na Itigi ni zaidi ya kilomita 400. Kwa lita 16 ni lita 64 na kidogo, ukiongeza robo ni kama 80 na kitu. Ukijaza tenki la lita 90 Chunya au Makongolosi badala ya kujaza Mbeya mjini na kupita tu, umemaliza kazi. Kujaza mahali pa mwisho panapouza mafuta, hata kama yamezidi bei kidogo, ni nafuu kuliko dumu lolote.

Maji nayo yana hesabu yake. Mimi huweka lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku za kunywa na kupikia, bila kuoga. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60. Ongeza 10 za rejeta, mikono na kidonda kitakachohitaji kuoshwa. Hizo ni kilo 70, maana lita moja ya maji ni kilo moja kamili. Lita 20 za dizeli ni kama kilo 17, za petroli ni kama 15, na dumu tupu la chuma lina kilo 4 au 5 zake. Kwa hiyo maji ndiyo mzigo mkubwa, na ndiyo yanayostahili mahali pazuri zaidi kwenye gari. Makete na Kitulo kuna vijito kila bonde, unaweza kupunguza na kubeba dawa ya kutibia maji. Ruaha mwezi wa Oktoba usipunguze hata lita moja.

Hatua ya 2: Chagua chombo

Kwa mafuta, tumia jerikeni la chuma lenye mfuniko wa kubana kwa mkono wa chuma na gasketi ya mpira ndani. Umbo lake lilibuniwa Ujerumani miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi, na Waingereza waliolinasa vitani wakaliiga. Hata jina lilitokana na jinsi askari wa Uingereza walivyowaita Wajerumani kwa utani: "Jerry". Liangalie kwa makini utaona kwa nini halijabadilika. Lina vipini vitatu sambamba, hivyo mtu mmoja hushika cha katikati, na wawili wakisaidiana kila mmoja hushika cha pembeni yake. Alama ya msalaba iliyobonyezwa ubavuni hulipa bati nguvu na kuliacha litanuke kidogo joto likipanda bila kupasuka. Na ile nundu ya juu, karibu na vipini, hubaki na hewa hata ukiwa umejaza.

Kabla ya kununua, fungua na umulike ndani kwa tochi. Kutu ya ndani itakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya dizeli, na hiyo pampu ni pesa nyingi. Kisha jaza maji, funga, lilaze ubavu juu ya saruji kavu kwa nusu saa. Likiacha doa, badilisha gasketi ama liache hapohapo dukani. Ukilipitisha mtihani huo, likaushe kabisa kwenye jua kabla halijaona mafuta.

Dumu la njano la mafuta ya kula, lile tulilonalo kila nyumba, si chombo cha petroli. Petroli hulilainisha, mvuke hupenya kwenye plastiki yenyewe, na mfuniko wake wa kusokota haukutengenezwa kuzuia shinikizo. Najua wengi wamelitumia na wakafika. Mimi pia nililitumia zamani, na nakumbuka harufu ndani ya gari, na mtoto aliyetapika njia nzima nikidhani ni kona za mlimani.

Kwa maji, dumu hilohilo la njano ni zuri, mradi limebeba mafuta ya kula au maji tu tangu kutoka kiwandani. Hapa ninasisitiza kwa nguvu zote, kwa sababu tunaishi kwenye nchi ya wakulima. Madumu ya dawa za viazi, nyanya na kahawa yanazunguka minadani yakiwa yameoshwa na kung'aa. Dawa haitoki kwa sabuni. Kama hujui dumu limetoka wapi, liache. Na dumu lililowahi kubeba mafuta ya gari, hata mara moja, halirudi tena kwenye maji ya kunywa.

Nunua mawili ya lita 10 badala ya moja la lita 20 pale unapoweza. Moja likitoboka unabaki na jingine, na hata mama mtu mzima anaweza kulishusha mwenyewe.

Hatua ya 3: Weka alama inayosomeka gizani

Andika kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, pande mbili: DIZELI, PETROLI, MAJI. Usitegemee rangi ya dumu, kwa sababu nchi nyingine njano ni dizeli na kwetu njano ni maji, na msaidizi uliyempa lifti huenda hajui unavyopanga mambo yako. Halafu weka alama ya kushika. Mimi hufunga kipande cha kitenge kwenye kipini cha kila dumu la maji. Usiku, mvua ikinyesha, tochi imezima, mkono ukigusa kitambaa unajua. Dumu la mafuta lina kipini kitupu.

Hatua ya 4: Jaza chini, si juu ya gari

Teremsha dumu, liweke sakafuni pale sheli. Usilijazie kwenye bodi ya pikapu, hasa kama bodi imetandikwa mpira au plastiki. Mafuta yanapotiririka hutengeneza umeme tuli, na dumu lililokaa juu ya plastiki halina njia ya kuutoa umeme huo ardhini. Cheche moja ndogo kwenye mdomo wa dumu inatosha. Mdomo wa pampu uguse shingo ya dumu muda wote, na mwombe mhudumu ajaze polepole. Abiria wote washuke, injini izimwe, simu ibaki kwenye gari.

Petroli ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unakwenda mpaka ulipo moto. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka na watu wakakimbilia na madumu yao. Moto ulipolipuka ulichukua maisha ya watu zaidi ya 100. Kila ninaposhika dumu la petroli ninawakumbuka. Dizeli haishiki moto kirahisi namna hiyo, na kama bado hujanunua gari la safari, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua la dizeli.

Usijaze mpaka juu. Asubuhi Makete mafuta yanaweza kuwa na nyuzi 8 tu, na mchana ukiwa bondeni yamefika 36. Kwa tofauti hiyo, lita 20 hutanuka karibu nusu lita. Nusu lita isiyo na pa kwenda itatafuta pa kutokea kwenye gasketi. Dumu la lita 20 liwe na lita 19.

Hapohapo sheli, baada ya kufunga, liinamishe kichwa chini kwa sekunde chache. Pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha nusa kitambaa. Kama lina tone, bora lidondoke hapo kuliko mbele ya safari.

Hatua ya 5: Chagua mahali kwenye gari

Hapa ndipo watu wanapobishana sana, na mimi nina msimamo wangu.

Ndani ya gari, pamoja na watu: mafuta hapana, hata dizeli. Mbele, kwenye bampa: hapana, kwa sababu hapo ndipo gari linapogonga. Nyuma kabisa kwenye mlango: kunavumilika kwa dumu moja la dizeli, lakini ajali ya kugongwa nyuma ipo, na mlango wa nyuma uliobeba spea tairi na kilo 20 za ziada huchoka bawaba na kuanza kupiga kelele kabla ya mwaka kwisha.

Juu ya keria mafuta yako mbali na watu na mvuke unapeperuka, hilo ni zuri. Ubaya wake ni uzito juu. Barabara zetu za milimani, kama ile ya kona 57 kutoka Chimala kupanda Matamba, hazisamehi gari lenye kichwa kizito. Tafuta kitabu cha gari lako ujue paa linaruhusiwa kilo ngapi, na toa uzito wa keria yenyewe kabla ya kuanza kupakia. Kama ni lazima juu, liwe dumu moja, au mawili kwa shida, yakae katikati ya ekseli mbili, na yalale ikiwa tu mfuniko wake umepita mtihani wa hatua ya 2. Mdomo uelekee juu, si pembeni.

Kwa pikapu jibu ni rahisi: bodi, mbele kabisa, yameegemea ukuta wa nyuma ya kabini, yamesimama, upande usio wa ekzosi. Hapo uzito uko chini na hewa inapita. Turubali lisifunike madumu ya mafuta mpaka chini. Liache wazi pembeni ili mvuke utoke.

Maji yanakaa ndani, sakafuni, nyuma ya viti vya mbele au kati ya ekseli. Ukipata nafasi ya kuweka kilo 70 sehemu moja tu ya chini, yape maji nafasi hiyo. Na usiyaweke karibu na mafuta. Plastiki inavuta harufu, na ugali uliopikwa kwa maji yenye harufu ya dizeli hakuna atakayeumaliza.

Hatua ya 6: Funga, kisha fikiria msuguano

Nilipopeleka gari Mwanjelwa kuchomelewa vikapu vya madumu, nilimkuta fundi mzee amekaa kwenye kiti cha mbao, miwani ya giza kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Nikamwonyesha mchoro. Akauangalia, akaupindua, akaniambia, "Hiki kikapu kitakatika hapa shingoni, kabla hujafika Kitulo mara tatu. Umekishika kwa mguu mmoja. Dumu halitulii, mwanangu, linapiga juu na chini siku nzima kama mchi kwenye kinu."

Alikuwa sahihi. Kishikio kilichofungwa sehemu moja hupasuka kwenye kiungo cha kuchomelea, wala hakivunjiki kwa uzito bali kwa mtikisiko. Akakichomelea upya kikiwa na miguu mitatu, mmoja umeshuka mpaka kwenye chesisi. Kisha akanituma kwa mtengeneza katambuga wa jirani nikanunue vipande vya tairi kuukuu. Kipande kimoja kilikwenda chini ya kila dumu, vingine viwili ubavuni. Miaka imepita, vipande hivyo bado vipo.

Kwa hiyo: chuma kisiguse dumu popote. Kata vichwa vya bolti vilivyochomoza au vigeuze viangalie chini. Weka mpira wa tairi, au zulia nene kama mpira umekosekana. Kadibodi haifai, inalowa na kusagika kabla saa mbili za safari hazijapita.

Mikanda mipana ya kukazia mizigo ya lori ndiyo kazi yake: mmoja unapita juu ya dumu kushuka chini, mwingine unazunguka tumbo. Mipira ya tyubu tunayofungia mizigo kwenye bodaboda ni mizuri kwa godoro na ndoo, lakini inavutika. Kila shimo linaupa mzigo nafasi ya kuruka kidogo, na kuruka huko ndiko kunakosaga plastiki. Itumie kama nyongeza tu.

Baada ya kufunga, shika kipini na utikise kwa nguvu zako zote. Gari zima litikisike, dumu lisicheze.

Hatua ya 7: Njiani

Simama baada ya kilomita 10 za kwanza za vumbi. Mikanda mipya hulegea, mizigo hukaa. Kaza tena. Baada ya hapo, kila unaposimama kujisaidia, zunguka gari: angalia, gusa chini ya kila dumu kwa kiganja, nusa.

Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa pwani hawalijui sana, nalo ni mwinuko. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Msembe na Ziwa Rukwa viko chini ya mita 1,000. Ukipanda, hewa ya nje hupungua nguvu na dumu lililofungwa hutuna tumbo. Ukishuka hunywea. Dumu la maji nililolifunga Kitulo asubuhi lilibonyea ubavuni likatoa mlio, po!, tukiwa tunakaribia Chimala, na wote garini tukadhani tairi limepasuka. Kwa maji hilo si neno. Kwa mafuta, hasa petroli, ukifika juu simama kivulini, injini imezimwa, hakuna sigara wala jiko karibu, legeza mfuniko taratibu ukiwa umegeuza uso pembeni. Utasikia fyuu. Ukiisha mlio, funga tena. Ukiufungua kwa ghafla petroli itakurukia usoni.

Mwinuko unagusa pia maji ya kuchemsha. Kitulo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Yaache yatokote kwa dakika 3 kamili kabla ya kuyaepua. Kama unatumia vidonge vya klorini, soma pakiti: ujazo wa maji na dakika za kusubiri zimeandikwa hapo. Maji ya tope yachujwe kwa kitambaa safi kwanza, kwa sababu dawa huishia kwenye tope.

Tumia maji ya dumu moja mpaka liishe ndipo ufungue jingine. Dumu lililo nusu hupiga mawimbi ndani na kutikisa kishikio kuliko lililojaa.

Hatua ya 8: Mimina mapema

Wapo wanaosafiri na dumu la akiba mpaka wanarudi nyumbani nalo, limejaa vilevile. Mimi sikubaliani nao. Tenki likishuka lita 25, na ukiwa mahali tambarare, mchana, injini imepoa, mimina dumu lote ndani. Uzito unashuka kutoka juu kwenda chini ya gari, na kazi hiyo unaifanya ukiwa umetulia, si usiku kwenye tope gari likiwa limezimika. Wanaopinga husema jiwe likitoboa tenki utapoteza vyote. Ni kweli linaweza kutokea, lakini katika miaka yangu yote nimeona madumu mengi yakivuja kuliko matenki.

Tumia faneli yenye chujio la waya laini, au bomba la kumiminia linalobana kwenye mdomo wa jerikeni. Kabla ya kumimina, liache dumu limesimama dakika 10 bila kutikiswa. Maji na uchafu hushuka chini, kwa hiyo kile kikombe cha mwisho kisiingie kwenye tenki. Weka kwenye chupa ya kioo ukiangalie. Ukiona mstari kati ya tabaka mbili, umejua ubora wa mafuta uliyouziwa.

Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu wa pili, si chini ya mizigo.

Usinyonye mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Najua ndivyo wengi tulivyojifunza, tukiwa vijana, tukiwasaidia kaka na wajomba zetu. Tone dogo la petroli au dizeli likipita njia ya hewa huingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu inayoweza kuua, hata kwa mtu mwenye afya njema. Pampu ndogo ya kuminya kwa mkono inauzwa kwenye maduka ya spea na inakaa kwenye mfuko wa mlango. Aliyemeza asitapishwe, maana kutapika ndiko kunakopeleka mafuta mapafuni. Apelekwe hospitali.

Ukirudi nyumbani

Madumu ya maji yaoshwe, yapinduliwe, yahifadhiwe bila mfuniko. Mafuta yaliyobaki yamimine kwenye gari wiki hiyohiyo, usiyaweke stoo karibu na jiko la mkaa.

Dumu la mafuta lililobaki tupu lina mvuke ndani, na mvuke huo ukichanganyika na hewa hulipuka kwa urahisi kuliko dumu lililojaa. Liache wazi nje, kwenye upepo, mbali na watoto, kabla ya kulifunga na kulitundika. Na likitoboka, usimpelekee fundi alichomelee, hata akikuambia ameshafanya hivyo mara nyingi. Litoboe matundu mengine makubwa kwa nyundo na patasi ya shaba, mbali na moto, baada ya kulijaza maji mpaka mdomoni, ili asitokee mtu wa kulitumia tena, kisha nunua jipya.